Wakili Aliyewatetea Askari: John Adams na Serikali ya Sheria

Waheshimiwa majaji na mahakimu mliopo, mawakili wasomi wenzangu, walimu wetu, nanyi vijana mnaojiandaa kuapishwa kuwa mawakili, nawashukuru kwa kunialika. Mliponiomba nizungumzie maisha ya mmoja wa waasisi wa Marekani, nadhani wengi mlitarajia nimchague George Washington au Thomas Jefferson, ambao sura zao zimechapishwa kwenye noti na kuchongwa mlimani. Nimemchagua John Adams, Rais wa pili wa nchi ile, mtu mfupi na mnene, mwepesi wa hasira, aliyejilaumu mara kwa mara katika shajara yake kwa kupenda kusifiwa. Nimemchagua kwa sababu alikuwa wakili kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na jambo alilojifunza mahakamani ndilo aliloliandika katika katiba, ndilo alilolisaliti alipokuwa Rais, na ndilo alilolitii siku aliposhindwa uchaguzi.

Naomba tuanzie Boston, katika koloni la Massachusetts, usiku wa tarehe 5 Machi 1770. Theluji ilikuwa imetanda barabarani. Tangu Oktoba 1768 mji ule ulikuwa umekaliwa na vikosi vya Mfalme George III wa Uingereza, vilivyoletwa kuwalinda maofisa wa forodha dhidi ya wananchi waliokataa kutozwa kodi na Bunge wasilokuwa na mwakilishi ndani yake. Usiku ule umati ulimzingira askari mmoja wa zamu mbele ya jengo la forodha, ukamrushia matusi, kisha mabonge ya theluji na vipande vya barafu. Kapteni Thomas Preston alikuja na askari wengine kumwokoa, nao wakazingirwa pia. Kengele za makanisa zilikuwa zikilia kana kwamba mji unaungua, watu walikuwa wakipaza sauti kuwathubutisha askari wafyatue, na katika zogo lile risasi zikalia. Watu watano walikufa, baadhi palepale na wengine kwa majeraha. Mmoja wa waliotangulia kuanguka alikuwa Crispus Attucks, baharia mwenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili wa Amerika, ambaye inaaminika kuwa alikuwa ametoroka utumwani.

Kesho yake mtu mmoja alifika ofisini kwa Adams akibubujikwa na machozi, akamwambia kwamba Kapteni Preston yumo gerezani na hapati wakili. Adams alikuwa na umri wa miaka 34. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo yeye na mkewe Abigail walikuwa wamemzika binti yao mdogo, Susanna, na Abigail alikuwa mjamzito tena. Tena Adams hakuwa mtu wa upande wa Mfalme hata kidogo. Mwaka 1765 ndiye aliyeuandikia mji wake wa Braintree maelekezo ya kuipinga Sheria ya Stempu, iliyotoza kodi ya Uingereza kwenye hati na magazeti ya makoloni, na binamu yake, Samuel Adams, alikuwa kiongozi wa wale waliotaka askari wale wanyongwe. Alijua kwamba akiikubali kesi ile anaweza kupoteza wateja, marafiki na hata usalama wa nyumba yake. Jibu lake, kama alivyolisimulia katika tawasifu yake, lilikuwa kwamba katika nchi huru wakili ni kitu cha mwisho ambacho mshtakiwa anapaswa kukikosa. Akapokea gini moja, sarafu ya dhahabu ya Uingereza, ya kufungulia kesi. Malipo yake yote, kwa kazi ya siku kumi na nne au kumi na tano, yalikuwa gini 18.

Vijana wangu, naomba mnivumilie nikae kidogo katika kesi hii, maana wanahistoria wa siasa huipitia haraka ilhali sisi tuna la kujifunza humo. Mahakama iliahirisha mashauri hadi majira ya vuli ili hasira za mji zipoe. Kapteni alisikilizwa peke yake, na askari wake wanane wakasikilizwa baadaye. Hapo palikuwa na mtego ambao leo ungemfanya wakili ajiulize mara mbili, kwa sababu utetezi wa Kapteni ulikuwa kwamba hakutoa amri, na utetezi wa askari ungeweza kuwa kwamba walitii amri yake. Askari wenyewe waliliona hilo, wakaiomba mahakama washtakiwe pamoja na mkubwa wao, na ombi lao halikukubaliwa. Adams aliwatetea wote, upande mmoja baada ya mwingine. Kwa macho yangu huo ni mgongano wa maslahi, na sitaki kuuficha kwa sababu tu matokeo yalikuwa mazuri. Upande wa mashtaka alikuwepo Samuel Quincy, na upande wa utetezi, pamoja na Adams, alikuwepo Josiah Quincy, ndugu yake wa kuzaliwa tumbo moja.

Mbele ya raia kumi na wawili walioapishwa kuamua, ambao hawakuchaguliwa kutoka Boston penyewe, utetezi ulimleta tabibu aliyemuuguza Patrick Carr, mmoja wa wale watano. Carr alikuwa ameishi siku kadhaa na jeraha lake, na kabla ya kukata roho alimwambia tabibu kwamba askari walichokozwa mno, na kwamba hamchukii yule aliyempiga risasi. Mnajua ninyi kwamba ushahidi wa kusikia haupokelewi hivihivi. Hapa ulipokelewa, kwa imani ya kale kwamba mtu anayekiona kifo hana sababu ya kusema uongo. Kisha Adams akasimama, akasema maneno ambayo hadi leo mawakili huyanukuu: kwamba ukweli wa mambo ni kitu kikaidi, na hata tutamani nini, tuelekee wapi, au tusukumwe na ghadhabu gani, hatuwezi kuubadilisha ukweli wala ushahidi. Kapteni Preston aliachiwa. Kati ya askari wanane, sita waliachiwa na wawili wakapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Hao wawili waliepuka kamba kwa kuomba nafuu ya kale ambayo zamani ilikuwa ya makasisi, wakachomwa chapa kwenye vidole gumba na kuachwa waende.

Lakini katika hotuba ileile Adams aliueleza umati wa usiku ule kama genge la wavulana watundu, watu weusi, machotara, Waairishi na mabaharia wa kigeni, na akamtwisha Attucks lawama kubwa ya maafa yale, akidai kwamba hata sura yake peke yake ilitosha kumtisha mtu. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara yananiuma. Alikuwa na ushahidi wa kutosha kuishinda kesi bila kuutumia uso wa marehemu, naye akaona autumie, kwa kuwa alijua mioyo ya wale kumi na wawili. Mwaka 1773, katika kumbukumbu ya tukio lile, aliandika katika shajara yake kwamba utetezi ule ulikuwa miongoni mwa huduma bora alizowahi kuitolea nchi yake. Kuhusu kutetea, nakubaliana naye. Kuhusu maneno yale juu ya Attucks, sikubaliani, na wala sidhani umri wa zama zile unamwondolea deni hilo.

Alitoka wapi mtu huyu? Alizaliwa Braintree mwaka 1735, mtoto wa mkulima aliyekuwa pia fundi viatu na shemasi. Alimaliza Chuo cha Harvard mwaka 1755, akafundisha shule katika mji wa Worcester huku akisoma sheria chini ya wakili wa pale, na mwaka 1764 akamwoa Abigail Smith, binti wa mchungaji. Kwa miaka mingi alizunguka na mahakama kutoka mji hadi mji akiwa juu ya farasi, akitetea kesi za mipaka ya mashamba, madeni na urithi. Ni katika kazi hiyo ya kila siku alipotambua kwamba mnyonge halindwi na wema wa mkubwa. Analindwa na kanuni iliyoandikwa, na hakimu ambaye hatapoteza mkate wake kwa kuifuata.

Mwaka 1772 ilijulikana kwamba serikali ya Mfalme imeamua kuwalipa majaji wa Massachusetts mishahara yao moja kwa moja, badala ya kuwaachia Bunge la koloni. Watu wengine waliona ni jambo la hesabu tu. Adams aliona hatari, akaandika makala mfululizo magazetini mwanzoni mwa 1773 akieleza kwamba jaji anayeweza kuondolewa kazini kwa hiari ya mtawala, na anayekula kutoka mkono wa mtawala huyohuyo, hawezi kuamua kati ya mtawala na raia. Miaka mitatu baadaye, alipokuwa katika kamati ya watu watano iliyopewa kazi ya kuandaa Tamko la Uhuru, lalamiko hilohilo liliingia katika orodha ya makosa ya Mfalme. Tamko lenyewe liliandikwa na Jefferson, lakini aliyelipigania kwa sauti katika ukumbi wa Philadelphia, walipokutana wajumbe wa makoloni, alikuwa Adams, na mwaka mmoja kabla ndiye aliyemsimamisha Washington, mtu wa kusini, awe mkuu wa jeshi, ili vita isionekane kuwa ugomvi wa watu wa kaskazini peke yao.

Mwezi Machi mwaka uleule wa 1776 Abigail alimwandikia barua kutoka Braintree, akimwomba kwamba katika sheria mpya watakazotunga wawakumbuke wanawake, wala wasiwaachie waume mamlaka yasiyo na mipaka, kwa kuwa wanaume wote wangekuwa madhalimu kama wangeweza. Tazameni hoja yake ilivyo: ni ileile ya mumewe dhidi ya Mfalme, isipokuwa imeletwa nyumbani. Adams alijibu kwamba hakuweza kujizuia kucheka. Mwaka uliofuata, mswada wa kuwaachia huru watumwa ulipojadiliwa Massachusetts, aliandika kwamba anatumaini utalala kwa muda, kwa sababu nchi ilikuwa tayari na sababu za kutosha za mgawanyiko. Yeye mwenyewe hakumiliki mtumwa maisha yake yote, na alisema utumwa ni uovu. Hata hivyo, umoja na majimbo ya kusini aliuona mkubwa kuliko uhuru wa watu hao.

Nimeyataja hayo mawili kwa makusudi kabla ya kufikia kazi yake kubwa. Katika vuli ya mwaka 1779, katikati ya safari mbili za kibalozi Ulaya, Adams alichaguliwa katika mkutano wa kuandika katiba ya Massachusetts. Mkutano ukaunda kamati, kamati ikaunda kamati ndogo ya watu watatu, na wale wawili wakamwachia yeye kalamu. Katiba ile iliidhinishwa na wananchi mwaka 1780, na ndiyo katiba kongwe zaidi ya maandishi ambayo bado inatumika duniani. Inatanguliza haki za raia kabla ya kutaja ofisi yoyote ya serikali. Inawapa majaji kazi yao kwa muda wote watakaokuwa na mwenendo mwema. Na katika ibara ya 30 inaamuru kwamba Bunge lisitumie kamwe mamlaka ya mahakama wala ya utendaji, watendaji wasitumie ya Bunge wala ya mahakama, na mahakama isitumie ya hao wengine, kisha inatoa sababu kwa maneno machache: ili iwe serikali ya sheria, wala si ya watu.

Ibara ya kwanza ilisema kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Katika mji wa Sheffield, magharibi ya jimbo, aliishi mwanamke mtumwa aliyeitwa Bett, asiyejua kusoma wala kuandika, katika nyumba ya Kanali John Ashley. Husimuliwa kwamba bibi wa nyumba alitaka kumpiga msichana mwingine kwa koleo la jikoni lililokuwa la moto, Bett akaukinga mkono wake, na kovu likabaki naye maisha yote, wala hakulificha. Aliyasikia maneno yale ya uhuru na usawa yakizungumzwa, akayachukulia kwamba yamesemwa kwa maana yake. Akaenda kwa wakili, Theodore Sedgwick. Mwaka 1781, mjini Great Barrington, yeye na mwanamume aitwaye Brom waliishinda kesi dhidi ya Ashley, wakatangazwa huru na kupewa fidia ya shilingi 30. Akajiita Elizabeth Freeman, yaani mtu huru. Miaka miwili baadaye, katika mashauri ya Quock Walker, mtumwa mwingine aliyedai uhuru wake, Jaji Mkuu William Cushing aliwaeleza wajumbe wa baraza la kuamua kwamba utumwa haupatani na katiba hiyo. Sensa ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1790, haikuandika mtumwa hata mmoja Massachusetts.

Mswada ambao Adams alitaka ulale haukupata kupita. Kazi ile ilifanywa na maneno ya katiba, yakiwa mikononi mwa mwanamke mmoja na wakili mmoja. Siku zote ninaposoma kesi ya Bett nahisi kwamba hapo ndipo serikali ya sheria ilipoanza kuwa kweli, kwa sababu maneno yalimfikisha mtu mahali ambapo mwandishi wake mwenyewe aliogopa kufika.

Miaka yake ya ubalozi naipitia haraka. Alipata kutoka Uholanzi kutambuliwa kwa taifa jipya na mkopo wa gilda milioni 5 mwaka 1782, akatia saini Mkataba wa Paris, uliomaliza vita na Uingereza, tarehe 3 Septemba 1783 pamoja na Benjamin Franklin na John Jay, na mwaka 1785 akasimama mbele ya Mfalme George III kama balozi wa kwanza wa wale waliokuwa raia wake waasi. Akawa Makamu wa Rais kwa miaka minane, kisha mwaka 1797 akawa Rais kwa kumzidi Jefferson kura tatu tu za wajumbe wa uchaguzi, yaani wale wanaoteuliwa na majimbo kumchagua Rais; na kwa utaratibu wa wakati ule, Jefferson aliyeshika nafasi ya pili akawa Makamu wake.

Hapo ndipo palipo pagumu kwa sisi tunaompenda. Marekani ilikuwa ikikabiliana na Ufaransa baharini, magazeti ya upinzani yalikuwa yakimtukana Rais kila wiki, na Bunge likapitisha Sheria ya Uchochezi, ambayo Adams aliitia saini tarehe 14 Julai 1798. Sheria ile ilimfanya mhalifu kila aliyeandika maneno ya uongo na ya kashfa dhidi ya serikali, Bunge au Rais. Makamu wa Rais hakuwekwa katika orodha ya wanaolindwa, na Makamu wa Rais alikuwa Jefferson, kiongozi wa upinzani. Mbunge wa Vermont, Matthew Lyon, alifungwa miezi minne na kutozwa faini ya dola 1,000, na wapiga kura wake wakamrudisha bungeni akiwa bado gerezani. Adams hakuiomba sheria ile, lakini aliitia saini, na wenye kumkosoa waliposhtakiwa, hakuizuia. Mtu aliyesimama mbele ya mji mzima kuwatetea askari wa Mfalme alishindwa kuwavumilia wahariri. Siwezi kulieleza hilo kwa namna ya kulipunguza uzito.

Hata hivyo wakili hakuwa amekufa ndani yake. Mwaka 1799 wakulima wa Pennsylvania waliopinga kodi ya nyumba walimfuata John Fries kuwatoa wenzao mikononi mwa maofisa, na Fries pamoja na wenzake wawili wakahukumiwa kunyongwa kwa uhaini. Mawaziri walimshauri Rais aache hukumu itekelezwe ili iwe fundisho. Adams alilichunguza shauri mwenyewe, akaona kwamba vurugu za kupinga kodi ni kosa, lakini si kuipiga nchi vita, akawasamehe wote watatu. Na chama chake kilipotaka vita kamili na Ufaransa, alituma wajumbe wa amani, akafukuza mawaziri waliomhujumu, na mkataba ukatiwa saini tarehe 30 Septemba 1800. Habari zake zilichelewa mno kumsaidia katika uchaguzi. Akiwa mzee alisema kwamba kaburini angependa yaandikwe maneno kwamba hapa amelala John Adams, aliyejitwika dhamana ya amani na Ufaransa mwaka 1800.

Katika uchaguzi huo alipata kura 65 za wajumbe, na Jefferson na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, wakapata 73 kila mmoja. Majuma hayohayo alimpoteza mwanawe Charles, aliyeangamizwa na pombe. Bado alikuwa Rais, bado alikuwa amiri jeshi mkuu, na wapo katika chama chake waliotafuta njia ya kumzuia Jefferson asichukue nchi. Adams alitumia miezi yake ya mwisho kujaza nafasi za mahakama, baadhi yake kwa haraka ambayo wapinzani waliilaumu kwa haki, na akamteua John Marshall kuwa Jaji Mkuu, cheo alichokishika hadi mwaka 1835. Tarehe 4 Machi 1801, saa kumi alfajiri, alipanda gari la farasi akaondoka Washington kabla Jefferson hajaapishwa. Alikosa adabu ya kubaki kumpa mkono mwenzake, na hilo nalo ni kweli. Lakini aliondoka. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile madaraka yalihama kutoka chama kimoja hadi kingine, na hakuna askari aliyeitwa kutoka kambini.

Alirudi shambani kwake Quincy, mji uliomegwa kutoka Braintree, akaishi robo karne nyingine. Tarehe 1 Januari 1812 alimwandikia Jefferson barua fupi, na urafiki wao ukafufuka kwa barua zilizoendelea hadi mwisho. Wote wawili walifariki tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu Tamko la Uhuru, Jefferson akitangulia kwa saa chache.

Kabla ya hapo alirudi ukumbini mara moja. Mwaka 1820 Massachusetts iliitisha mkutano wa kuirekebisha katiba ile aliyoiandika, na mji wake ukamtuma akiwa na umri wa miaka 85. Alikuja na pendekezo moja. Katiba iliahidi ulinzi sawa wa sheria kwa kila dhehebu la Kikristo, naye akaomba ahadi hiyo iwafikie watu wa dini zote wanaoishi kwa amani. Baadaye alimwandikia Jefferson kwamba, baada ya miaka 40 bila kuzungumza katika mjadala wa hadhara, alibabaika na kukosea kuliko kijana anayesimama kwa mara ya kwanza mahakamani. Pendekezo likakataliwa, akarudi nyumbani. Mwaka 1833, miaka saba baada ya kuzikwa kwake, wananchi wa Massachusetts walipitisha rekebisho lililowaondolea kodi ya lazima ya kanisa, na katika kifungu cha ulinzi sawa wa sheria, maneno yaliyowatenga wasio Wakristo hayakuwekwa tena.